Nguo Kuukuu za Wazee Ziwekewe Wakfu

Katika mambo yote waliyotuachia wazee wetu, hapana jambo jepesi kupotea kama nguo. Msikiti wa mawe husimama hata paa likianguka. Kaburi hubaki na mnara wake. Kitabu huliwa na mchwa, lakini huenda mtu alikwisha kukinakili. Nguo huvaliwa mpaka ikachakaa, ikachanwa ikawa winda la mtoto, kisha ikawa kitambaa cha kupangusia taa, na mwisho ikatupwa jaani. Wala hatumlaumu mtu, kwani nguo imefumwa ili ivaliwe. Lakini leo twataka kuuliza swali moja: je, katika kila nguo elfu zilizovaliwa na mama zetu, haikustahiki japo moja kuwekwa?

Swali hili twaliuliza kutoka Nakuru, tena kutoka mtaa wa Free Area, ulio kando ya barabara kuu iendayo Nairobi. Msomaji wa Mombasa au wa Lamu huenda akashangaa. Atasema, Nakuru kuna nini cha nguo za kale zaidi ya marobota ya mitumba? Twamwomba avute subira kidogo.

Si mbali na Free Area kuna kilima kiitwacho Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi. Mwaka 1937 na 1938 Bibi Mary Leakey alichimba hapo akafukua makaburi, vyombo vya mawe na vigae vya watu walioishi Bonde la Ufa miaka elfu nyingi iliyopita, na pia mashimo ya makao ya watu wa karne za karibuni. Mwaka 1943 mahali hapo palitangazwa kuwa pa kuhifadhiwa, na tangu 1965 nyumba iliyokuwa ya mkulima, iliyo palepale kilimani, imekuwa makumbusho. Basi watu wa Free Area wana mfano mlangoni mwao wa nyumba ya mtu binafsi iliyogeuka kuwa mali ya umma. Hawana haja ya kuhadithiwa kwamba jambo hili lawezekana.

Katika vitu vilivyookotwa kwenye kilima hicho mna sarafu sita za Kihindi, na moja inakisiwa kuwa na umri wa miaka 500. Sarafu ya Bara Hindi hapo ilifikaje? Hapana shaka ilipita pwani, mikononi mwa watu, kutoka soko hadi soko. Na katika biashara ya pwani na bara ya zamani hizo, sarafu haikuwa ndiyo mali yenyewe. Mali ilikuwa nguo, shanga na nyaya. Joseph Thomson, Mskochi aliyepita Bonde la Ufa mwaka 1883 pamoja na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, alieleza jinsi wapagazi walivyokaa kitako kushona nguo za kuwapa Wamasai kabla ya kuingia nchini kwao. Ushuru wa njia ulilipwa kwa nguo. Chakula kilinunuliwa kwa nguo. Urafiki ulifungwa kwa nguo. Sarafu imebaki kwa kuwa ni madini, ila nguo zile zote zimekwenda na wenyewe.

Ndugu msomaji, hebu tuitazame nguo kama tunavyokitazama kitabu. Ukichukua kipande cha merikani, umeshika mapisi ya dunia. Jina lake lakuambia lilikotoka. Merikebu za Salem, Marekani, zilikuwa zikileta nguo hiyo Unguja tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19, zikirudi na pembe za ndovu na sandarusi. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokatisha pamba, viwanda vya Bombay vikaingia pahala pao, na jina la merikani likabaki lakini nguo yatoka Hindi. Kaniki nayo ilikuwa na safari yake, na debwani la kilemba lina safari yake ya Bara Hindi na Maskati. Mtu aliyevaa alijulikana ni nani, katoka wapi, na ana cheo gani, kabla hajafungua kinywa kusema.

Wala tusidhani kwamba sisi tulikuwa wanunuzi tu. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kuendelea Mombasa na Kilwa, aliandika kwamba nguo zilizofumwa Mogadishu zilipelekwa mpaka Misri. Wachimbaji waliofukua magofu ya Kilwa wamekuta vigae vya duara vilivyotobolewa tundu katikati, ambavyo watu walivitumia kusokotea uzi wa pamba. Na Wareno, pamoja na ubaya wao wote, walizisifu nguo za hariri na pamba za Pate na wakazitafuta kwa biashara yao. Leo nani katika sisi amepata kuiona nguo moja ya Pate ya zamani hizo? Twasoma sifa zake katika maandishi ya wageni, nasi hatuna hata uzi.

Huko Oxford, Uingereza, katika makumbusho ya Ashmolean, kuna vipande zaidi ya 1,200 vya nguo za pamba zilizopigwa chapa Gujarati, vilivyopatikana katika ardhi kavu ya Misri. Vilikusanywa na mtu mmoja na mkewe, Percy na Essie Newberry, wakavitoa mwaka 1946. Baadhi yake ni vya tangu karne ya 10 na ya 11. Vilikuwa matambara ya majaani, yaliyoshonwashonwa na kutupwa. Kwa matambara hayo wataalamu wamejua Gujarati ilikuwa ikiuza nguo gani katika bahari yetu hii hii, wakati ule ule miji ya Waswahili ilipokuwa ikikua. Mchanga wa Misri umewafanyia wenziwe hisani ambayo unyevu wa pwani yetu haukutufanyia sisi. Kwa hivyo, yasiyohifadhiwa na ardhi hayana budi kuhifadhiwa na watu.

Na watu hao mara nyingi huanza kwa mtu mmoja. Serikali huja baadaye, ikija. Katika nchi yetu mfano mkubwa ni marehemu Joseph Murumbi, naye ni mzaliwa wa pande hizi. Alizaliwa mwaka 1911 Eldama Ravine, kaskazini magharibi ya Nakuru, baba yake Mgoa na mama yake Mmasai. Alisoma Bara Hindi, akafanya kazi Mogadishu, akaishi London katika miaka ya kupigania uhuru, akarudi akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, na mwaka 1966 akawa Makamu wa Rais, cheo alichokiacha kabla ya mwaka kwisha. Walimwengu walimshangaa kwa kukiacha cheo. Yeye alikuwa na mapenzi mengine: vitabu, barua, stampu, vinyago, mapambo na nguo za Afrika nzima. Mwaka 1972, yeye na mkewe Sheila pamoja na Alan Donovan, Mmarekani aliyehamia Kenya, walifungua duka na jumba la sanaa Nairobi wakaliita African Heritage, na humo nguo zilizofumwa Afrika ya Magharibi zilikutana na shanga za Waturkana na Wamasai.

Murumbi hakutaka vitu vyake viende ng'ambo. Katika miaka ya 1970 aliiuzia Serikali ya Kenya mkusanyo wake pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, kwa tamaa kwamba nyumba ile ingekuwa chuo cha elimu ya Afrika. Vitabu vyake, vipatavyo 8,000, vingi vya kabla ya mwaka 1900, vikaingia katika Nyaraka za Taifa pamoja na sanaa zake. Hilo ni jema na twashukuru. Lakini nyumba haikuwa chuo. Iliachwa ikaharibika, ikavunjwa, na kiwanja kikagawanywa. Murumbi aliyaona hayo kwa macho yake kabla ya kufariki mwaka 1990. Ilipita miaka mingi baada ya kufa kwake ndipo vitu vyake vikaonyeshwa vizuri kwa watu, katika jengo la Nyaraka na, tangu 2013, katika lile jengo la zamani la Mkuu wa Jimbo mjini Nairobi ambalo sasa ni Nairobi Gallery.

Mwenzake, Donovan, alijenga nyumba yake ukingoni mwa mbuga ya Nairobi akaijaza sanaa na nguo za Afrika. Reli mpya ilipopangwa kupita huko, nyumba ile nusura ibomolewe. Mwaka 2016 ikatangazwa kuwa turathi ya taifa, naye akafariki mwaka 2021. Katika visa viwili hivi mna funzo moja. Kukusanya ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza: nikifa mimi, nani atashika ufunguo, na kwa sheria gani?

Wenzetu wa nchi nyingine wamelijibu swali hilo mapema. George Hewitt Myers wa Washington alianzisha makumbusho ya nguo mwaka 1925, nyumbani kwake mwenyewe, akiwa na mazulia 275 na nguo 60 hivi. Alifariki mwaka 1957, lakini makumbusho yake hayakufa. Tangu 2015 yamo katika Chuo Kikuu cha George Washington. Huko Ahmedabad, Gujarati, nchi iliyotuvisha kwa karne nyingi, Gautam Sarabhai na dada yake Gira walifungua makumbusho ya nguo mwaka 1949. Na Amman, Jordan, kuna Bibi Widad Kawar, aliyekulia Bethlehem. Tangu ujana wake alikusanya nguo za kudarizi za wanawake wa Kipalestina. Mwaka 1948 na mwaka 1967 watu walipofukuzwa makwao, nguo zilibaki ndizo hati za vijiji vyao, kwa kuwa kila kijiji kilikuwa na darizi yake. Amekusanya zaidi ya nguo 2,000, na mwaka 2015 zikafunguliwa nyumba yake maalumu, iitwayo Tiraz. Kijiji chaweza kufutwa katika ramani, lakini mwenye kuijua darizi akiitazama nguo atakuambia: huyu alikuwa wa kijiji fulani.

Sasa tuyakabili maneno ambayo twajua yatasemwa. La kwanza, kwamba kuweka nguo sandukuni na hali kuna watu walio uchi ni israfu. La pili, lenye uzito zaidi, ni ada yetu ya mtu anapofariki. Nguo zake hutolewa upesi kwa maskini na majamaa, thawabu zimwendee. Ada hiyo ni njema, na aliyeianzisha alikuwa na huruma. Hatusemi iondolewe. Lakini hatuna budi kukiri kwamba ndiyo sababu moja iliyotufanya tusiwe na joho la babu wala kisutu cha bibi.

Jawabu yetu ni hii. Waislamu hawakuwa wageni wa kuhifadhi nguo kwa heshima. Kiswa cha Al-Kaaba hufumwa kwa hariri na kutariziwa kwa nyuzi za dhahabu na fedha. Kwa karne nyingi kilitoka Misri, na tangu 1927 Makka ina kiwanda chake. Kinapovuliwa hakitupwi. Vipande vyake hutunukiwa watu, na vya zamani vimehifadhiwa, vingine katika jumba la Topkapi, Istanbul. Hapana aliyesema hiyo ni israfu. Kadhalika, nguo moja ikiwekwa ili watoto elfu waione na wafundishike, faida yake imekuwa kubwa kuliko ya mvaaji mmoja kwa mwaka mmoja.

Na kuhusu sadaka, dini yetu ina mlango uliofunguliwa zamani. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi Khaibar alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka shauri, akaelekezwa aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Ikawa ardhi ile haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi. Huo ndio wakfu. Nasi watu wa pwani, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, twajua kwamba wakfu si wa ardhi na nyumba peke yake. Kitu cha kuhamishika nacho chaweza kuwekwa wakfu, maadamu chaweza kunufaisha na asili yake ikabaki. Misahafu ya misikitini ni ya namna hiyo. Kwa nini isiwe nguo?

Hebu fikirini ingelikuwaje Murumbi angaliifanya nyumba yake wakfu wenye mutawalli na masharti yaliyoandikwa. Hatusemi wakfu haudhulumiwi, kwani sote twajua viwanja vya wakfu vilivyoliwa mchana kweupe. Lakini mwenye kuudhulumu hujulikana kuwa ni dhalimu. Mali iliyouzwa tu, mnunuzi hufanya apendavyo.

Basi pendekezo letu ni jepesi. Mtu mwenye uwezo kidogo, mwanamume au mwanamke, aanze. Nakuru pana sababu za kufaa. Mji uko juu ya bahari kiasi cha mita 1,850; hewa yake ni baridi na kavu kuliko ya Lamu, na hewa kavu ni rafiki wa nguo. Tangu reli ilipofika mwaka 1900 mji huu umekusanya watu wa kila namna. Bondeni pana Waislamu wa asili mbalimbali, na katika mitaa ya Nakuru, Free Area ikiwemo, Mkikuyu, Mkalenjin, Mluo na Mkisii ni majirani. Kila nyumba ina sanduku, na katika sanduku mna kitu. Ngozi iliyoshonwa shanga ya Mkalenjin ni nguo ya kihistoria sawasawa na kikoi cha Mbajuni. Na katika hayo marobota ya mitumba tunayoyadharau hupita nguo kutoka kila pembe ya dunia. Mwenye jicho na elimu hakosi kuokota cha kuweka.

Mwenye kuanza na azingatie haya. Kwanza, asinunue kitu asichojua kilikotoka, wala asimhadae mjane kwa shilingi mia. Nguo ya marehemu ni ya warithi. Hawezi mmoja kuitoa peke yake bila ya ridhaa ya wenziwe, na aliye hai akitaka kuusia, wasia wake usipite thuluthi. Pili, aandike. Nguo isiyo na maelezo ni tambara. Aandike nani aliivaa, mwaka gani, katika harusi au matanga, ilinunuliwa duka gani, na walioijua waliiitaje. Kanga za zamani zina jina kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaja za herufi za Kirumi. Chapa ya Mali ya Abdulla ya duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza Mombasa mwaka 1887, yatosha kumwongoza mtafiti. Lakini kwa nini bibi aliichagua kanga ile siku ile, na alimkusudia nani, hilo analijua yeye peke yake, na akifa limezikwa.

Tatu, aitunze nguo. Jua huua rangi, na taa kali vilevile. Nguo isitiwe katika mfuko wa plastiki ikatoka jasho. Ifungwe kwa kitambaa safi cha pamba nyeupe. Isikunjwe kila mara katika mkunjo uleule, kwani hukatika, bora ivingirishwe. Ikaguliwe mara kwa mara, kwa ajili ya nondo na panya. Nne, nyumba yenyewe iwe madhubuti. Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la fahari kuliko yote ya pwani na lililokuwa makumbusho, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wakafa. Jina kubwa halizuii dari kuanguka.

Na tano, hati ya wakfu iandikwe mapema, mwenyewe akiwa hai na akili zake timamu, itaje mutawalli na atakayemfuata, na nakala ipelekwe kwa Tume ya Wakfu na kwa Makumbusho ya Taifa, ili serikali ijue kilichopo.

Mwaka 2013 Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, lilionyesha nguo za Afrika ya leo, na kanga za mama zetu zilikuwamo. Watu wa London waliziangalia wakasoma maelezo ukutani. Hatuna chuki na hilo. Lakini mtoto wa Bondeni au wa Kisauni hana nauli ya kwenda London kujua nyanya yake alivaa nini.

Kwa hivyo twawaomba wasomaji wetu, hasa akina mama, ambao ndio wenye funguo za masanduku. Wiki hii fungueni, toeni nguo moja iliyo kongwe kuliko zote, muulizeni mkubwa aliyebaki katika nyumba, na yaandikeni atakayoyasema kwa tarehe na majina. Mkubwa huyo hangoji. Makumbusho yatajengwa Inshallah, leo au kesho, Nakuru au Mombasa, lakini hayatakuwa na cha kuonyesha ikiwa kila kitu kimekwisha kuwa kitambaa cha kupangusia taa.